Utalengea Wapi? Bastola ya Kiunoni na Kisingizio cha Mchezo wa Shabaha

Msimu wa pamba uliopita nilipigiwa simu usiku na ndugu yangu mmoja wa Bariadi. Namwita ndugu kwa sababu tulichunga ng'ombe pamoja utotoni, tukapeana manati na tukachapwa pamoja siku mifugo ilipoingia shamba la watu. Leo ni mnunuzi wa pamba, dengu na choroko, ana maghala mawili na gari jeupe ambalo kila mtu mjini analijua. Baada ya salamu ndefu za kwetu, za kuulizana hadi habari za ndama, akaingia kwenye shida yake: "Dokta, wewe umekaa Ulaya, umeona mambo. Nataka kabastola kadogo ka point twenty-two, ka bei ya kawaida tu, ka kulengea shabaha Jumapili. Kujiburudisha. Ipi nzuri?"

Nilimuuliza maswali matatu. Utalengea wapi? Unataka mtutu wa urefu gani? Usiku itakaa wapi?

Swali la kwanza na la tatu hakuyajibu. La pili alilijibu haraka: "Mfupi, Dokta. Inayokaa vizuri kiunoni."

Makala haya nimeyaandika kwa sababu ya jibu hilo. Nataka kuonyesha kwamba mtu anayetafuta bastola ya shabaha na mtu anayetafuta bastola ya kiunoni hawatafuti chombo kimoja, na kwamba nchi yetu, hasa mikoa ya kwetu huku, imejifunza kuwaita wote wawili wanamichezo kwa sababu hakuna anayetaka kuuliza. Msomaji wangu mtumishi wa umma, hasa wewe unayekaa kwenye vikao ambako mafaili ya maombi ya silaha hupita, nakuomba usome hadi mwisho. Wanafunzi wangu nao wasome, maana wengi wao wameshika silaha kuliko mimi: tangu JKT kwa mujibu wa sheria irejeshwe mwaka 2013, vijana wa kidato cha sita wamekwenda makambini na kulenga shabaha. Kizazi changu tulimaliza shule baada ya mpango huo kusitishwa mwaka 1994, kwa hiyo nilifyatua risasi yangu ya kwanza nikiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, Ujerumani, nikiandika tasnifu.

Mwenyeji wangu huko alinipeleka kwenye klabu ya shabaha ya mji wake mdogo. Nilitegemea kukuta wanaume wenye misuli. Nikakuta wastaafu, mwalimu wa muziki, na bibi mmoja mwenye miwani ambaye alinishinda vibaya. Silaha niliyopewa ilikuwa mali ya klabu. Ilitolewa kabatini, ikakaguliwa mbele yangu, ikarudishwa kabatini, na ganda la kila risasi niliyofyatua liliokotwa. Mtutu ulipogeuka kidogo tu pembeni kwa kutojua kwangu, mzee msimamizi alinishika mkono bila kuomba radhi. Ilikuwa bastola ya .22, ileile aliyoniuliza ndugu yangu. Kwa hiyo ninapoisema nasema kitu ninachokijua kidogo, na ninakiri wazi kwamba niliufurahia mchezo wenyewe. Siandiki kama mtu anayechukia kulenga.

Risasi ya .22 ina maumbile yake. Risasi kubwa za bastola huwa na fataki katikati ya kitako cha ganda. Hii ndogo haina fataki ya kupachika. Kemikali ya kuwasha baruti imo ndani ya mkunjo wa ukingo wa kitako, na chuma cha bastola hugonga ukingo huo. Ganda likishagongwa limekwisha, halijazwi tena. Utengenezaji wake ni rahisi, ndiyo maana aina inayotumika zaidi, .22 Long Rifle, iliyoanza mwaka 1887, mpaka leo ndiyo risasi ya bei ya chini kuliko zote huko inakouzwa kwa wingi. Kipande cha risi chenyewe kina uzito wa takriban gramu 2.6. Haipigi kelele kubwa wala hairushi mkono juu, na mwanagenzi anaweza kupiga mia moja kwa alasiri moja bila kuumia bega wala mfuko. Bastola zake nyingi hujipakia zenyewe: kila unapovuta kifyatulio hutoka risasi moja, nguvu ya mlipuko husukuma chuma nyuma, ganda hutupwa nje na risasi nyingine huingia, ili hiyo nayo itoke ni lazima uvute tena. Kwa kuwa mlipuko ni dhaifu, bastola hizi hukwama kwa urahisi zikiwa chafu au zikipewa risasi zisizozipenda. Mlengaji mzoefu hujaribu chapa tatu nne za risasi kabla ya kujua silaha yake inakula ipi.

Kuhusu ununuzi, huko Marekani bastola za namna hii za bei ya chini huuzwa kati ya dola 300 na 500 hivi, nazo zimegawanyika koo mbili. Ukoo wa kwanza umeundwa kwa ajili ya shabaha: Ruger ya mfululizo wa Mark, ambayo mzazi wake wa mwaka 1949 aliuzwa kwa dola 37 na nusu ili mtu wa kawaida aweze kuimudu; Browning Buck Mark; Smith & Wesson Victory. Hizi zina mtutu usiocheza, mara nyingi wa sentimita 14, na uzito wa kilo moja au zaidi. Ukoo wa pili umefanana na bastola za askari lakini kwa umbo dogo: Walther P22, Ruger SR22 na jamaa zao. Mtutu haufiki sentimita 9, na uzito ni kama nusu kilo.

Tofauti hiyo huamua kila kitu. Katika kulenga, unapanga alama ya nyuma na alama ya mbele ya bastola kwenye mstari mmoja. Tuseme alama hizo zimeachana sentimita 13, na mkono wako umekosea milimita moja tu. Kwenye shabaha iliyo umbali wa mita 25 risasi itakwenda kombo kwa sentimita 19. Zikiachana sentimita 23, kosa lilelile linakuwa sentimita 11. Piga hesabu mwenyewe, ni uwiano wa darasa la saba. Ongeza kwamba chuma kizito hutulia mkononi na chuma chepesi hutetemeka. Mlengaji kwa hiyo hutaka bastola ndefu na nzito, isiyoweza kufichwa popote, wala haoni hasara kwa hilo kwa sababu hana wa kumficha. Nilimwambia ndugu yangu: kama kweli ni shabaha, chukua ya ukoo wa kwanza, hata iliyotumika, na bei iliyobaki nunulia risasi. Akasema ile ndefu "inaonekana kama bomba la baiskeli."

Aliyekuwa akiitazama hiyo bastola kichwani mwake hakuwa yeye mwenyewe akiwa uwanjani. Walikuwa watu harusini, wakati koti linapofunguka kidogo mtu anapotoa fedha za kumtunza bibi harusi.

Hatuna haja ya kudanganyana kuhusu maana ya bastola katika siasa na biashara za nchi hii. Ni cheo. Mwenye bastola ameonwa na wakubwa, faili lake limepita mikononi mwao, na wamemwona anastahili. Machi 23, 2017, siku ileile Nape Nnauye alipoondolewa uwaziri, alichomolewa bastola hadharani jijini Dar es Salaam na mtu asiyevaa sare, mbele ya kamera za waandishi. Nchi nzima iliona picha. Tulibishana kuhusu uhuru wa habari, na ilikuwa sawa tubishane. Lakini kuna jambo dogo tulilipita: urahisi wa ule mkono. Bastola ilitoka kama kalamu inavyotoka mfukoni. Na Mei 2022, hapo jirani Mwanza, mwanamke aliuawa na mumewe kwa risasi za bastola ndani ya nyumba yao. Silaha inayolala chumbani huamka chumbani. Takwimu sina haja nazo hapa. Kila msomaji wa Kanda ya Ziwa anayakumbuka mazungumzo ya wiki ile.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 si sheria legelege. Mwombaji huanzia kwenye serikali ya mtaa au kijiji chake, maombi hupanda ngazi za kamati za ulinzi na usalama na polisi, na hutakiwa kueleza sababu. Ninapogombana nayo ni hapo kwenye sababu. Mtu wa Bariadi akiandika kwamba ni kwa ajili ya mchezo wa kulenga shabaha, nani anamuuliza mchezo huo unachezwa wapi? Mimi nimezaliwa huku, na sijawahi kuona uwanja wa shabaha wa raia katika wilaya yoyote ya Simiyu, iwe Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu au Busega. Mkoa wetu ulianzishwa mwaka 2012 na tumejenga mengi tangu hapo, hilo halimo. Basi sababu iliyoandikwa ni ya uongo siku ileile inapoandikwa, na aliyeipitisha anajua.

Mtu atasema: atakwenda mbugani, atatundika kopo kwenye mgunga, shida iko wapi? Shida ni kwamba ile risasi ndogo, isipokutana na kitu, husafiri zaidi ya kilomita moja. Nchi yetu ni tambarare. Nyuma ya kopo kuna mgunga, nyuma ya mgunga kuna nyasi, na ndani ya nyasi kuna mtoto wa miaka tisa amekaa kivulini akiangalia ndama. Nilikuwa mtoto huyo. Uwanja halali wa shabaha una tuta refu la udongo la kumeza risasi, mstari ambao hakuna anayeuvuka wakati silaha zimejazwa, na mtu mwenye mamlaka ya kukushika mkono. Bila hivyo vitatu hakuna mchezo, kuna mtu anayefyatua risasi porini.

Wako pia wanaojitetea kwa udogo: ".22 ni ya ndege, haiui mtu." Robert Kennedy aliuawa mwaka 1968 kwa bastola ya .22. Rais Ronald Reagan alikaribia kufa kwa risasi ya .22 mwaka 1981.

Sasa nivuke barabara niende kwa mtu mwingine wa mkoa huohuo. Yeye analima mtama, mahindi na pamba katika moja ya vijiji vinavyopakana na Pori la Akiba la Maswa au hifadhi ya Serengeti. Usiku tembo huingia. Yeye na majirani hugonga madebe, humulika tochi, huchoma pilipili, hupiga vuvuzela. Asubuhi shamba limelala chini, na anaanza safari ya kuandika maelezo ili siku moja apate kile tunachokiita kifuta jasho. Mtu huyu akikutwa na gobore la babu yake lisilo na leseni, bomba la chuma linalojazwa baruti kwa mdomo na kufyatua mara moja kabla ya kuanza kazi upya, anaweza kujikuta mahakamani kwa makosa ya uhujumu uchumi. Siombi aruhusiwe kulibeba. Gobore ndilo lililoua tembo na faru wengi huko nyuma, na Serikali ilipotangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu kwa hiari nilishangilia. Ninachouliza ni kwa nini mwenye hofu ya kweli ananyang'anywa, na mwenye maghala mawili anapewa kwa ajili ya "kujiburudisha."

Wazee wetu walilijua swali hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na mauaji yalipozidi Usukumani na Unyamwezini, watu walijipanga katika Sungusungu. Silaha yao ilikuwa upinde na mshale. Sitaki kuwapamba, walifanya pia mambo mabaya, wakapiga na kuua watu kwa tuhuma za uchawi, na wanawake vikongwe ndio walioumia zaidi. Lakini kuna kanuni moja waliyokuwa nayo ambayo sisi wenye sheria tumeipoteza: upinde ulikuwa wa kila kaya, na kila mtu aliuona. Silaha haikuwa alama ya kumtenga tajiri na jirani yake.

Niende Uingereza kidogo, maana mjadala huu wa bastola ya .22 umewahi kufanyika huko kwa uzito ambao sisi hatujaufikia. Machi 13, 1996, katika mji wa Dunblane, Uskoti, mtu mmoja aliingia shule ya msingi na kuua watoto 16 na mwalimu wao. Bastola zake zilikuwa na leseni. Alikuwa amejiunga na klabu za shabaha. Mwaka uliofuata, serikali ya John Major ilipitisha sheria ya kupiga marufuku bastola kwa raia, lakini ikaacha upenyo: bastola za .22 ziruhusiwe, kwa sharti kwamba zikae ndani ya klabu zilizolindwa, zisiende nyumbani. Kabla ya mwaka huo wa 1997 kwisha, serikali mpya ya Tony Blair iliuziba upenyo huo. Matokeo yake, walengaji wa Kiingereza wa bastola za Olimpiki walilazimika kwenda kufanyia mazoezi nchi za nje, na nchi ilipoandaa Olimpiki mwaka 2012 ikabidi vitolewe vibali maalumu.

Msimamo wangu ni ule upenyo uliozibwa. Naamini wabunge wa Major, ambao sina mapenzi nao kwa mambo mengine, waliandika sentensi sahihi. Bastola ya mchezo ikae mchezoni. Iwe mali ya klabu au mali yako, lakini funguo za kabati zisiwe kwako. Uikute uwanjani, uiache uwanjani. Anayepinga hilo kwa hoja kwamba ataihitaji usiku nyumbani ameshakiri kwamba hakuwa akiomba silaha ya mchezo. Aombe upya, aandike kujilinda, na kamati ipime hofu yake kama inavyopima hofu ya mkulima wa Meatu.

Najua jibu litakalokuja kutoka kwa baadhi ya wanaharakati ninaowaheshimu: mchezo wenyewe ni wa Wazungu na matajiri, kwa nini tujisumbue nao, si tuufute tu? Hapo nawakatalia. Msukuma hushindana kwa kila kitu. Wagika na Wagalu wameshindana kwa ngoma vizazi na vizazi, wakivuta watazamaji kwa nyoka, nungunungu na jembe linalorushwa hewani. Mtoto wa Itilima anayeangusha njiwa kwa manati kwenye mti wa jirani hakosi jicho, anakosa uwanja. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 vijana wetu walisambaza picha ya Mturuki Yusuf Dikeç, mzee wa miaka 51, mkono mmoja mfukoni, akitwaa medali ya fedha pamoja na mwenzake. Wengi hawakujua kwamba alichoshika ilikuwa bastola ya upepo. Haina baruti. Kidonge chake kina upana wa milimita 4.5 na shabaha iko mita 10. Umbali huo unaingia ndani ya ukumbi wa shule ya sekondari. Mkoa uliowahi kuandaa Nane Nane ya kitaifa miaka mitatu mfululizo pale Nyakabindi, 2018 hadi 2020, hauwezi kuniambia kwamba umekosa eneo la mita 10, au hata la mita 25 lenye tuta la udongo nyuma yake, chini ya usimamizi wa polisi na maofisa michezo. Tuanze na za upepo, miaka mitatu. Watakaobaki, wenye mikono iliyotulia, ndio wapandishwe kwenye .22 ya klabu.

Hayo yote nilimweleza ndugu yangu katika simu iliyofuata, kwa urefu kuliko alivyopenda. Alinisikiliza kwa adabu ya mtu anayeheshimu elimu lakini ana haraka ya kulala. Kisha akasema, "Sawa Dokta, lakini huo uwanja hata ukijengwa, mimi nitaonekana na nani huko?" Akacheka, nami nikacheka, maana tumetoka mbali.

Faili lake litafika kwenye meza fulani kabla ya msimu ujao. Wewe utakayelipokea, muulize lile swali langu la kwanza, na umsubiri ajibu kabla hujaweka saini.